Lenzi ndefu si mzinga: tumtambue mpiga picha wa ndege

Kazi ya askari, awe wa jeshi au wa polisi, huanzia machoni. Kabla hajamsimamisha mtu na kabla hajauliza swali, kwanza ameona kitu ambacho hakukitazamia mahali pale. Siku hizi liko jambo moja ambalo macho ya askari wetu hulikuta mara kwa mara katika vinamasi, kandokando ya mito, katika misitu ya magharibi na hata katika bustani za Entebbe. Ni mtu aliyevaa nguo za rangi ya majani, amelala kifudifudi au amejibanza nyuma ya mti, naye ameshika chombo kirefu kilichoelekezwa mbele. Hasemi wala hasogei. Ukimwuliza anafanya nini, atakujibu kwa sauti ya chini: "Napiga picha za ndege."

Hapo lugha yetu yenyewe humponza. Kwa Kiswahili, ndege ni yule mwenye manyoya, na ndege ni ile ya chuma iliyosimama uwanjani. Askari anayelinda uwanja, daraja au bwawa la umeme akisikia maneno hayo hushika bunduki yake vizuri zaidi. Hatumlaumu. Lakini tunasema kwamba wakati umefika kwa askari wetu kukijua chombo hicho, kumjua mwenye nacho, na kujua namna ya kumkabili pasipo kumdhulumu raia wala kulegeza ulinzi wa nchi. Askari anayekijua kitu hakiogopi, na adui hawezi kumdanganya kwacho.

CHOMBO CHENYEWE

Kwanza tukiangalie chombo. Lenzi ya kawaida ya kamera, ile inayoona karibu sawa na jicho la mtu, huwa na urefu wa milimita 50. Lenzi ya mpiga picha wa ndege aghalabu huwa ya milimita 400 hadi 600. Maana yake ni kwamba lenzi ya milimita 600 hukivuta kitu karibu mara 12 kuliko ile ya kawaida. Askari aliyewahi kutumia darubini ya doria atatambua kwamba nguvu hiyo haikupita sana ile ya darubini aliyoivaa shingoni. Nyingine hupakwa rangi nyeupe, na watu hudhani ni kwa ajili ya madaha, kumbe ni ili jua lisiipashe lenzi joto na kuharibu usahihi wa vioo vyake.

Sasa tufanye hesabu ndogo ambayo kila askari aliyefunzwa kukadiria umbali ataifuata bila taabu. Kamera yenye lenzi ya milimita 600, ikielekezwa mahali palipo mbali kwa mita 20, huona eneo lenye upana wa mita 1 na sentimita 20. Chozi, yule ndege mdogo anyonyaye maua, ana urefu wa sentimita 12 hivi. Kwa hiyo hata kwa lenzi hiyo kubwa, na hata kwa umbali wa mita 20 tu, chozi atajaza sehemu moja ya kumi ya upana wa picha. Ndiyo sababu mpiga picha wa ndege hutambaa, hujificha na kungoja saa nyingi. Anahitaji kuwa karibu. Mita 200 kutoka kwa ndege mdogo hazimfai kitu, na ifikapo adhuhuri, mvuke wa joto unaopanda kutoka ardhini huifanya picha ya mbali itetemeke kama kitu kilichotazamwa ndani ya maji.

Jambo la pili ni kamera isiyo na kioo. Kamera za zamani zilikuwa na kioo ndani, kilichoinama kupeleka sura ya kitu kwenye tundu la kuchungulia. Mpiga picha alipobonyeza, kioo kilinyanyuka kwa kishindo, na ndege mwenye hofu aliruka. Kamera za sasa, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2008, zimekiondoa kioo hicho. Mwanga huingia moja kwa moja kwenye kipokezi, na mpiga picha hutazama kiwambo kidogo mfano wa televisheni. Nyingi huweza kupiga bila sauti yoyote. Mwaka 2017 ilitoka moja iliyoweza kupiga picha 20 kwa sekunde moja, na tangu mwaka 2020 zipo zilizofundishwa kulitambua jicho la ndege na kuling'ang'ania hata ndege akiwa anaruka.

Tunayataja haya kwa sababu yanaeleza mambo mawili ambayo huwatia askari wasiwasi. La kwanza ni ukimya wa kamera. Mtu ameshika chombo, anakielekeza, na hakuna mlio. La pili ni wingi wa picha. Askari akikuta picha 3,000 zilizopigwa kwa asubuhi moja hudhani amekutana na kazi ya kijasusi. Kumbe ni mdiria mmoja aliyepiga mbizi mara kadhaa, na kila mbizi ikaacha picha 60, kati ya hizo mwenye kamera atabakiza moja.

WASIWASI HUU HAUKUZALIWA BURE

Hatusemi kwamba hajawahi kuwako jasusi aliyejificha nyuma ya ndege. Historia ya Afrika ya Mashariki yenyewe inakataa. Richard Meinertzhagen, afisa wa Kiingereza wa King's African Rifles, ambaye mwaka 1905 alimwua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, alikuwa mtaalamu mashuhuri wa ndege. Mtu huyo huyo aliongoza upelelezi wa Waingereza katika Afrika ya Mashariki wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Baada ya kifo chake mwaka 1967, wataalamu waligundua kwamba hata ndege wake wengi waliokaushwa aliwaiba katika majumba ya makumbusho na kuwabandika maelezo ya uongo. Mtu wa namna hiyo anastahili kutiliwa shaka.

Lakini katika vita ile ile alikuwako Mwingereza mwingine, Cherry Kearton. Yeye na ndugu yake Richard walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kupiga picha za ndege wa porini. Mwaka 1892 walipiga picha ya kiota chenye mayai huko Uingereza. Baadaye walitengeneza ng'ombe wa bandia kwa ngozi halisi, mpiga picha akaingia tumboni mwake ili ndege wasimwone. Vita ilipoanza, Cherry Kearton aliingia katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers na kupigana katika Afrika ya Mashariki kama askari. Kwa hiyo katika jeshi moja walikuwamo wawili waliopenda ndege, mmoja mpelelezi na mdanganyifu, mwingine askari mwenye kamera. Darubini na kamera zao hazikuweza kumwambia mtu yupi ni yupi. Waliweza kutofautishwa kwa matendo yao.

Na pale askari wanapohukumu kwa kuangalia chombo, aibu huwa kubwa. Mnamo Novemba 2001, huko Kalamata, Ugiriki, walikamatwa Waingereza 12 na Waholanzi 2, ambao starehe yao ilikuwa kutazama ndege za jeshi na kuandika namba zake. Walishtakiwa kwa ujasusi, wakakaa gerezani kwa majuma kadhaa, na Aprili 2002 mahakama ikawatia hatiani. Novemba mwaka huo huo mahakama ya rufani ikawaachia wote. Mwaka mzima wa kazi ya polisi, mawakili na mabalozi uliishia hapo. Mwaka 2013 huko Qena, Misri, mvuvi mmoja alimpeleka kituo cha polisi korongo aliyefungwa kifaa mgongoni, akidhani ni jasusi. Kifaa kilikuwa cha wataalamu waliokuwa wakifuatilia safari zake kutoka Hungary. Korongo yule aliachiliwa, na baadaye akauawa na kuliwa. Watu walicheka duniani kote, na waliochekwa ni polisi.

ADUI HUPITIA WAPI?

Yuko mwenzetu atakayesema: heri kukamata wasio na hatia kumi kuliko kumwacha jasusi mmoja apite. Maneno hayo yana sura ya uzalendo, lakini tuyapime kwa akili ya kijeshi.

Jasusi hutaka asionekane. Je, mtu asiyetaka kuonekana atabeba chombo cheupe chenye uzito wa kilo tatu, akisimamishe juu ya stendi ya miguu mitatu kando ya barabara, kisha amwombe mwenye mtumbwi ampeleke? Simu iliyomo mfukoni mwa abiria wa basi hupiga picha ya lango la kambi bila mtu kugutuka. Tena tangu mwaka 2014 ziko setilaiti za biashara zinazoweza kuonyesha ardhini kitu chenye upana wa sentimita 31, na picha zake huuzwa.

Hatari kubwa zaidi yaweza kutoka ndani ya safu zetu wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2017 kampuni ya Strava, inayohifadhi kumbukumbu za watu wanaokimbia mazoezi wakiwa na saa au simu, ilitoa ramani ya dunia ya njia walizopita wateja wake. Januari 2018 watu wakagundua kwamba ramani ile ilichora kambi za majeshi ya kigeni huko Afghanistan na Syria, mzunguko kwa mzunguko, kwa sababu askari wenyewe walikimbia mbio za asubuhi wakiwa wamevaa saa hizo. Hakuna mpiga picha wa ndege aliyehitajika. Askari anayempokonya mtalii kamera, kisha jioni akatuma kwa marafiki picha yake mwenyewe akiwa mbele ya handaki, amelinda mlango na kuacha dirisha wazi.

Kuna na jambo zito zaidi. Mwezi Machi 1999, wauaji waliovuka mpaka waliingia Buhoma, kando ya msitu wa Bwindi, wakaua watalii 8 na ofisa wa hifadhi Mwuganda. Mwezi Oktoba 2023, katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, magaidi wa ADF waliwaua watalii wawili na mwongozaji wao, mwananchi mwenzetu. Katika misiba yote hiyo miwili, watu waliokuja kutazama wanyama na ndege ndio waliouawa. Mtu tuliyezoea kumtazama kama hatari ndiye aliyekuwa hatarini, na ulinzi wake ulikuwa juu yetu.

Mwongozaji wa watazama ndege hutoka alfajiri kabla ya doria nyingi. Hujua kila njia ya msitu. Hutambua tawi lililokatwa jana, moshi usio wa kawaida na nyayo za watu wasio wa kijiji kile. Mtu wa namna hiyo ni macho ya ziada kwa kikosi chochote chenye akili. Lakini ikiwa mara ya mwisho alipokutana na askari alisukumwa, kamera ya mgeni wake ikachukuliwa na akaombwa fedha ya chai ili irudishwe, je, siku atakapoona nyayo zile atakuja kutuambia? Atapita njia nyingine na kunyamaza. Kila raia tunayemwonea bure ni taarifa moja tuliyojinyima.

KIJANA WETU MWENYE KAMERA

Hapa hatuna budi kusema jambo linaloumiza. Mgeni kutoka ng'ambo akionekana na lenzi ndefu, mara nyingi hupewa njia na hata saluti. Kijana wa hapa hapa, mzaliwa wa Mpigi au Kasese, akionekana na lenzi ile ile, swali la kwanza huwa: "Umeiiba wapi?" Wako vijana wetu waliojinyima kwa miaka ili kununua kamera iliyotumika, na ndiyo jembe lao. Kumhukumu kijana kwa umaskini wa ngozi na viatu vyake ni kinyume cha nidhamu tunayojivunia.

Nchi hii ina zaidi ya aina 1,000 za ndege. Ni nchi ndogo ukiilinganisha na jirani zetu wengi, lakini wageni hupanda ndege na kuvuka bahari kwa ajili ya kumwona mmoja tu kati yao, korongo-nyangumi, ambaye Waganda humwita bulwe. Ni ndege mkubwa wa rangi ya kijivu, mwenye mdomo mfano wa kiatu cha mti, asimamaye bila kutikisika kinamasini akimvizia kamongo. Huko Mabamba, ng'ambo ya Entebbe, wavuvi walikuwa wakimwua kwa kuamini kwamba kumwona ni mkosi na siku hiyo hawatapata samaki. Mwaka 2006 kinamasi hicho kiliwekwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar, na leo wavuvi wa pale huwapeleka wageni kwa mitumbwi yao na kulipwa. Ndege aliyekuwa mkosi amekuwa ada ya shule ya watoto. Mabadiliko hayo hayakuletwa kwa bunduki. Wavuvi walimjua ndege yule upya, wakamlinda wenyewe.

NAMNA YA KUMKABILI

Ni vema sasa tutaje yale ambayo askari wa doria anaweza kuyafanya kesho asubuhi.

Kwanza, asalimie, ajitambulishe, kisha aulize. Mpiga picha wa ndege wa kweli ukimwuliza ameona nini leo, hatanyamaza. Atakutajia ndege mpaka uchoke. Mwongo hana majina ya kutaja. Swali hilo moja lina nguvu kuliko vitisho vingi.

Pili, amwombe mwenye kamera amwonyeshe picha, na mwenyewe ndiye azibonyeze. Askari asishike kioo cha mbele cha lenzi wala asiifungue kamera, kwani vumbi likiingia kwenye kipokezi, chombo cha mamilioni ya shilingi huharibika. Akikuta ndege, majani na maji, kazi yake imekwisha. Akikuta lango, mlingoti wa mawasiliano na magari ya jeshi, hilo ni jambo jingine.

Tatu, asifute picha wala asilazimishe zifutwe. Hapa wengi hukosea. Ikiwa mtu yule ni jasusi kweli, askari amefuta ushahidi wa mahakamani, na mara nyingi picha iliyofutwa kwenye kadi huweza kurudishwa na mjuzi. Ikiwa si jasusi, ameharibu mali ya mtu. Penye shaka ya kweli, mtu na chombo chake wafikishwe kwa mkubwa au kituo cha polisi, na kila kifaa kiandikwe mbele ya mwenyewe na kutiwa sahihi.

Nne, tuwaonyeshe watu mipaka. Kila msafiri wa barabara ya Gulu anajua kwamba daraja la Karuma limelindwa na askari kwa miaka mingi na kwamba kupiga picha pale kulikatazwa. Panapokatazwa pawekwe kibao kinachosomeka, na askari aweze kusema: "Hapa hapana, lakini pale, mgongo ukiwa huku, unaruhusiwa." Furukombe hajali akipigwa picha kutoka upande upi. Na ndege zisizo na rubani zina kibali chake na sheria zake. Tusizichanganye na kamera ya mkononi.

Tano, kamera ya mtu isigeuzwe chambo cha chai. Anayetumia neno "usalama" ili apate fedha amelichafua neno ambalo wenzetu wamelifia.

Wapiga picha nao wana wajibu. Wachukue kibali na mwongozaji anayejulikana. Wakiwa karibu na kambi wajitambulishe kabla hawajatoa chombo begini. Wasikatize matawi ya kiota ili waone vizuri, na wasitangaze mahali hasa kilipo kiota cha ndege adimu, maana kamera na simu nyingi huandika mahali picha ilipopigwa, na mwindaji haramu husoma pia.

Katika chuo cha makadeti tulifundishwa kuficha umbo, mng'ao, kivuli na mwendo, kupima upepo, kutulia na kudhibiti pumzi kabla ya kubonyeza. Kila moja ya mafunzo hayo hutumiwa na mpiga picha wa ndege. Tukimtazama vizuri tutaona mtu mwenye nidhamu inayofanana na yetu, ambaye akibonyeza hakuna kinachokufa. Si ajabu askari wengine wakajifunza kazi hii na kuwa waongozaji watakapostaafu.

Kila asubuhi tunapigia saluti bendera yenye korongo-taji aliyesimama katikati yake tangu mwaka 1962. Ndege huyo, tangu mwaka 2012, ameandikwa katika orodha ya dunia ya wale walio hatarini kutoweka, kwa sababu vinamasi anamotaga vinakaushwa. Askari asiyemtambua porini analinda nembo asiyoijua. Tunawaomba makamanda wa vikosi na wakuu wa vituo vilivyo karibu na hifadhi, vinamasi na mito, watenge saa moja tu ya mafunzo, wamwalike mwongozaji wa ndege wa eneo lao pamoja na kamera yake, na kila askari achungulie katika lenzi hiyo kwa jicho lake mwenyewe. Saa hiyo itawaepusha wananchi na mateso yasiyo na sababu, na itawaacha askari wetu wakiwa na nafasi ya kumtazama adui halisi.